Chuma Ndani ya Komamanga

Kwa Rukia, binti yangu,

Karakana imefungwa tangu saa sita, kama kila Ijumaa. Nimekwenda kuswali, nimerudi, nimekaa kwenye meza yangu ya kazi na karatasi hizi. Kesho asubuhi basi lako linaondoka Park Station kwenda Cape Town, na kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla hujapanda. Mama yako amenipa hadi leo. "Mwambie mwenyewe," aliniambia Jumapili, "au nitamwambia mimi, na mimi sitaremba." Unamjua mama yako.

Habari za kula, kulala, kuvaa sweta na kujihadhari na watu sitakuandikia. Hayo ameyamaliza yeye, na kama kuna lililobaki atakupigia simu kabla hamjafika hata Bloemfontein. Nakuandikia Kiswahili ingawa wewe hupenda kunijibu kwa Kiingereza. Miaka kumi na tisa nakusemesha kwa lugha ya Tanga, unanijibu kwa lugha ya shule, na mambo yanakwenda. Hili la leo siliwezi kwa lugha ya kuazima. Soma polepole, na neno likikushinda, rudia.

Sasa ni saa kumi kasorobo. Simu iko mezani karibu na nyundo. Nimeapa kwamba kabla ya magharibi nitampigia Kasongo. Bado sijampigia.

Kasongo ndiye huyohuyo unayekwenda kukaa kwake na kujifunza kazi kwake. Unakumbuka siku ulipokuja mbio jikoni? "Eish, Baba, nimempata! Fundi wa Kikongo, anafua vyombo vya fedha vya makanisa na masinagogi, amekubali kunichukua. Anasema anakujua!" Nikasema ndiyo, namjua, nikachukua ndoo ya takataka nikatoka nje. Ndoo ilikuwa tupu. Ulicheka sana, ukadhani furaha imenivuruga akili. Halafu ukaniambia alichokuambia, kwamba mimi ni ndugu yake, tulifanya kazi bega kwa bega miaka sita, na mtoto wangu ni mtoto wake. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, mwanangu. Mgongo niliousingizia haukuwa na kosa lolote.

Nianzie mbali kidogo. Nilipofika mji huu nilikuwa najua kazi ya sonara tu, niliyojifunza Tanga: kuunga bangili, kurekebisha hereni, kung'arisha mikufu ya maharusi. Mzee Zalman, Myahudi aliyekuwa na karakana hii hapa Orange Grove, aliniona sokoni nikiunga kidani kwa moto wa makaa, akasimama kunitazama mpaka nikamaliza, akaniuliza kama nataka kazi. Alikuwa mwembamba, mkali, miwani yake imefungwa waya. Alitengeneza vyombo vya ibada yao: vikombe vya baraka, vijiti vya fedha vyenye kidole cha kufuatia maandishi wanaposoma, mataji ya kuvalishwa gombo la Torati, na yale makomamanga unayoyajua, jozi ya vichwa vya fedha vyenye kengele ndogo vinavyochomekwa juu ya nguzo mbili za gombo. Tulikuwa watatu chini yake: mimi, Kasongo wa Bukavu, na Vusi wa Newcastle. Mzee alikuwa akilalamika kwamba mimi ninamwibia Ijumaa, Kasongo anamwibia Jumapili, na Jumamosi anaibiwa na Mungu mwenyewe, basi fedha itafuliwa siku gani?

Kila Ijumaa kabla ya kufunga alitupa chai na kutusimulia walivyosema wazee wao wa kale juu ya Bezaleli, fundi aliyetengeneza hema na vyombo vyake kule jangwani. Usidhani alikuwa anahubiri. Alikuwa anagomba. Wazee wale walikuwa wakishika neno moja la Torati na kubishana juu yake kizazi baada ya kizazi, na Mzee Zalman alijiunga na ubishi huo akiwa na kikombe cha chai mkononi, kana kwamba wamekaa hapo kwenye viti vyetu. Lile la sanduku la agano ndilo alilolipenda zaidi. Torati imesema lifunikwe dhahabu ndani na nje. Wazee wakauliza: nje tunaelewa, watu wanaona, lakini ndani nani atachungulia? Wakasema Bezaleli alitengeneza masanduku matatu, la dhahabu, la mti na la dhahabu tena, akayatia moja ndani ya jingine. Na wakasema mwenye elimu ambaye ndani yake si sawa na nje yake, huyo hana elimu. Mzee alikuwa akifika hapo anagonga meza kwa kijiko. "Ndani!" anasema. "Nionyesheni ndani!"

Kwa hiyo karakana hii ilikuwa na mwiko wake. Chombo cha ibada kikitoka hapa, ndani yake kusiwe na chuma. Vifaa vyetu ni vya chuma, hilo halikumsumbua, lakini kipande cha chuma kisibaki ndani ya kazi. Sheria yao haikatazi, mwenyewe alikiri. Ila madhabahu yao ya mawe hayakuruhusiwa kuguswa na chuma, na wazee wakaeleza sababu: chuma kimeumbwa kufupisha maisha ya mtu, madhabahu yameumbwa kuyarefusha. Mzee aliuchukua mwiko wa madhabahu akauleta kwenye makomamanga. Nasi tuliufuata sote. Nami niliufuata, mpaka Jumatano moja.

Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Kibali changu cha kukaa nchini kilitegemea barua ya mzee. Tulikuwa na jozi ya makomamanga ya sinagogi moja lililokuwa likipokea gombo jipya Jumapili ile. Shingo zake alizifua Kasongo, kila moja kwa bamba moja la fedha, bila kiungo. Mkono ule sijauona kwa mtu mwingine. Siku hiyo yeye hakuwepo, alikuwa Pretoria siku ya pili kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi. Mzee alikuwa nyumbani na homa. Nilibaki mimi na Vusi, na Vusi alikuwa kule nyuma kwenye vikombe vyake. Kazi yangu ilikuwa kulehemu kengele. Nikaacha moto mahali pamoja kupita kiasi, nikiwa nawaza mambo ya hospitali, na shingo moja ikalegea, ikakunjika, ikapasuka upande.

Hapo palikuwa na njia moja. Kumpigia mzee, kusema nimeharibu, kuomba fedha nyingine na kukesha nikifua shingo mpya, ambayo isingefikia nusu ya ile ya Kasongo. Niliishika simu. Kisha nikaiweka chini, nikakata msumari, nikautia ndani ya shingo kuinyoosha, nikaziba ufa kwa lehemu, nikatumbukiza kwenye tindikali, nikang'arisha. Ilipendeza, Rukia. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba ilipendeza. Kasongo aliporudi Alhamisi aliinyanyua, akaitikisa karibu na sikio asikilize kengele, akaniambia, "Aksanti, ndugu. Umeimaliza muzuri."

Tindikali iliyobaki ndani ilifanya kazi yake kimyakimya. Miezi minne baadaye watu wa sinagogi walifungua kabati la Torati wakakuta michirizi ya kutu imeshuka juu ya vazi jeupe la hariri la lile gombo. Wakatuletea. Wewe ulikuwa na siku arobaini na tatu.

Mzee alitandika kitambaa cheupe kwenye meza hii ninayoandikia. Akaikata shingo kwa msumeno mwembamba mbele yetu watatu. Msumari ukadondoka. Akauliza mara moja tu, bila kupaza sauti: nani?

Vusi akasema, "Akumina," yaani si yeye. Kasongo akasema shingo aliifua yeye, lakini chuma hakukitia, akaapa kwa watoto wake. Halafu akanigeukia, akaacha Kiingereza, akaniambia kwa Kiswahili chake ili tuelewane sisi wawili: "Sema, ndugu. Weye ulikuwa hapa."

Mzee akaniangalia. "Unajua nini?"

Nikasema, "Kazi ya shingo ni ya Kasongo."

Lilikuwa neno la kweli. Ungeliweka kwenye mizani usingepata pungufu. Nililichagua kwa sababu hiyo, nipate kulala nikijiambia sikusema uongo. Katika mambo yote niliyoyajua maishani, hili ndilo ningetaka ulichukue: uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema haukuwa na neno hata moja la uongo. Jihadhari na siku utakayojikuta unachagua maneno ya kweli kwa uangalifu mno.

Mzee alimwambia Kasongo kwamba mkono asioweza kuuamini kwa ndani hawezi kuutumia kwa nje. Kasongo hakubishana tena. Alikusanya nyundo zake, akazifunga ndani ya aproni, akatoka. Nilimfuata mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. Ungedhani nilimfuata nikatubu. Nilimfuata nikaongeza. Nilimwambia nilikuwa nimeogopa, lakini nilimwona Vusi amelishika lile komamanga Jumatano. Nikamwonya asirudi kumtaja, kwani Vusi ni mwenyeji, mzee ataona mgeni anamsingizia. Kasongo akanishika bega akanishukuru. Akanishukuru! Miaka yote hii amekuwa akimchukia Vusi, mtu ambaye hakuigusa kazi ile hata kwa kidole, na ambaye amekwisha kufa bila kujua.

Mzee aliufunga ule msumari kwa uzi akautundika ukutani juu ya meza zetu. Upo mpaka sasa, mwanawe aliyerithi karakana hakuuondoa. Ulipokuwa mdogo, ukija likizo, uliniuliza ni nini kile. Nikakwambia ni msumari wa zamani tu. Basi na wewe umo katika orodha ya niliowadanganya.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilifanya vile kwa ajili yako, mtoto mchanga, mama mzazi, kibali. Usikubali, Rukia. Mtu akikwambia alitenda uovu kwa ajili yako, hata akiwa baba yako, mrudishie mzigo wake. Mzee asingenifukuza kwa kuharibu shingo moja. Angefoka wiki nzima kisha angenitafutia bamba jingine. Niliogopa uso wake tu, niliogopa kuonekana fundi mdogo kuliko Kasongo, jambo ambalo kila mtu alilijua tayari.

Mzee alitusimulia pia, katika ile miezi minne kabla kutu haijaonekana, kwamba watu walewale waliovua hereni kutengeneza ndama wa dhahabu ndio waliotoa dhahabu ya kutengeneza hema. Waliombwa kwa ndama wakatoa, wakaombwa kwa hema wakatoa. Kasongo alisikitika sana siku ile, aliona ni watu wasio na msimamo. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, kwa sababu niliona bado kuna nafasi ya kuombwa mara ya pili. Lakini miaka imepita na mimi mwenyewe sijatoa kitu. Nimefua vyombo vingi vizuri baada ya hapo, kila kimoja safi ndani na nje, nikidhani vikizidi idadi vitafunika kile kimoja. Havifuniki.

Mzee alipokuwa karibu kufa nilikwenda kumwona kwa nia ya kusema. Nikakaa kwenye kiti dakika ishirini. Akanisimulia jambo lake la mwisho, sauti haisikiki: kwamba Musa alipozivunja zile mbao za mawe, vipande havikutupwa. Viliwekwa ndani ya sanduku lilelile pamoja na mbao mpya nzima, na makuhani wakabeba vyote kwa pamoja jangwa zima. Akaniuliza, "Unadhani vipande vilikuwa vyepesi kuliko nzima?" Nikasema sijui, mzee. Nikamtengenezea mto, nikaondoka. Sijui kama alikuwa anajua. Nimeliwaza swali lile mpaka nimechoka.

Sasa unaelewa ugomvi wetu na mama yako wiki hii, uliodhani ni wa nauli. Ningeweza kunyamaza. Ungekwenda, ungejifunza, na Kasongo ndiye pekee ninayemjua anayeweza kufua kinara chenye matawi kwa kipande kimoja cha fedha bila kuunga popote. Wewe una mkono wa kazi hiyo. Nilijua tangu ulipokuwa na miaka kumi na mbili, ulipofua kijiko chako cha kwanza ukakataa kukionyesha mpaka umekisugua upande wa chini. Mkono wako umeshaupita wangu, na naona fahari kusema hivyo. Nikimwambia Kasongo kweli, anaweza kukufungia mlango, na mlango mwingine wa namna hiyo sina. Ndivyo nilivyomwambia mama yako. Akanijibu, "Kwa hiyo atakula kwenye sahani ya yule mtu kila siku, naye anamwita mtoto wa ndugu yangu, na wewe unajua, na mimi sasa najua. Huyo mtoto unampeleka kujifunza kazi au unampeleka kuwa rehani?"

Jambo moja kuhusu wanawake, kabla sijasahau, maana utakuwa msichana peke yako kwenye meza za wanaume. Birika la shaba la makuhani kunawia lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake, vile vya shaba walivyojitazamia. Wazee wao wanasema Musa alivikataa, akaona ni vitu vya kujipambia, vya tamaa. Mungu akamwambia avipokee, maana hivyo anavipenda kuliko vyote, kwa kuwa kule Misri wanawake walivitumia kuwachangamsha waume zao waliochoka na utumwa, taifa likaendelea. Nabii mzima alikosea kwa kudharau kifaa cha mwanamke. Mtu akikudharau kwenye meza ya kazi, usihangaike kubishana naye, endelea kufua.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Naacha kalamu, napiga.

Nimerudi. Niandike kama ilivyokuwa, kabla akili haijaanza kunipambia.

Alipokea kwa furaha. Kabla sijafungua mdomo aliniambia wamekuandalia chumba cha nyuma chenye dirisha, mkewe amenunua blanketi. Nikamwambia, "Kasongo, nisikilize bila kunikatiza, nikisimama sitaweza kuanza tena." Nikamweleza msumari. Nikamweleza neno la mezani na neno la kwenye robot. Nikamtaja Vusi. Nikasema sina udhuru, na kwamba wewe hujui chochote na huna hatia yoyote.

Niliitazama simu kuona kama imekatika. Nilisikia nyundo kwa mbali, mtu anafua huko kwake. Kisha akasema, "Vusi yuko wapi?" Nikasema amekufa. Akasema, "Nilimulaani, weye. Kila ntango, kila saa, nilikuwa namulaani." Nikasikia anapumua. Nikasubiri matusi, nilikuwa nayahitaji, hakunitukana.

Akaniuliza kama mwana wa mzee anajua. Nikasema nitamwambia Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha moto. Akasema, "Umuambie mbele ya watu. Jina yangu ilichafuliwa mbele ya watu." Nikasema sawa. Huenda Jumatatu jioni sina kazi, na hilo nalo mama yako analijua, usije ukashangaa.

Nikamuuliza kuhusu wewe. Nikaona ile kazi yako yote, kijiko, michoro yako, sanduku lako lililofungwa pale mlangoni, vyote vinaning'inia kwenye pumzi ya mtu niliyemwibia.

Akasema, "Mutoto akuye. Weye usikuye."

Nikamwambia nimeelewa. Akasema hakumaliza: mtoto asivuke kizingiti chake bila kujua anavuka kizingiti cha nani. Halafu akakata.

Basi mambo ndiyo hayo. Wewe uje, mimi nisije. Sitakutembelea. Siku utakapomaliza kinara chako cha kwanza na watu wakaja kukitazama, sitakuwepo, na harusi yako ikifanyika upande ule wa nchi tutajua la kufanya wakati huo. Nakupenda kuliko macho yangu, na naumia, sitajifanya siumii. Lakini bei hii ameitaja yeye, na ni ndogo kuliko niliyomlipisha.

Hulazimiki kwenda. Ukiona huwezi kukaa nyumba ile ukiwa na damu yangu, tutafungua sanduku, na hakuna atakayekulaumu. Ukienda, nenda kwa miguu yako mwenyewe. Usinilipie kwa kufanya kazi mara mbili, usiombe msamaha kwa niaba yangu mezani kwao. Akikufokea kwa kosa lako, kubali. Akikufokea kwa kosa langu, mwambie kwa adabu kwamba hilo ni la baba, na nambari ya baba anayo.

Nitakukabidhi barua hii mkononi baada ya chakula, kisha nitakwenda kukaa jikoni na mama yako. Ukimaliza kusoma, njoo. Useme lolote unalotaka kulisema, kwa Kiingereza, kwa Kizulu, kwa kelele, sitaondoka kwenye kiti. Na kama hutaki kusema nami, mwambie mama yako saa ya kukuamsha, nami nitajua kwamba unakwenda.

Baba yako,
Yusufu